Mji wa Chungu Ndani ya Mkebe

Mtu wa pwani hakosi jina la kumwita mdudu anayemwuma. Wako siafu wanaotembea kwa majeshi. Wako majimoto wanaoshona majani ya mwembe na mnazi kwa nyuzi zitokazo kwa watoto wao wenyewe. Wako sungusungu weusi, na wako sisimizi wadogo wanaoifuata sukari popote iwekwapo. Juu ya wote hao liko jina moja kongwe, chungu, ambalo wageni hulichanganya na chungu cha kupikia na uchungu wa shubiri. Mchwa simhesabu hapa, kwani yeye, ingawa atulia milango yetu, si wa ukoo huu. Wataalamu humweka karibu na mende.

Pamoja na majina yote hayo, ni wachache kati yetu waliopata kuuona mji wa chungu kwa ndani. Tuuonao ni mlango tu, kijitundu ukutani au chini ya jiwe la uani, na safu ya wapita njia. Nataka leo kumweleza msomaji jinsi ya kuujenga mji huo nyumbani kwake kwa mkebe wa plastiki wa kuwekea chakula, unga wa plasta na udongo kidogo, ili auone ulivyo ndani. Tena nataka kueleza kwa nini jambo hili, ambalo mtu aweza kulidhani ni mchezo wa watoto, limewafikisha watu mahakamani hapa Kenya.

Mimi nililianza kwa ajili ya watoto wa mtaani kwetu, Kibokoni. Watoto hawa husoma chuoni sura ya 27 ya Kurani, Surat an-Naml, yaani sura ya chungu. Kisa wanakijua vyema: jinsi Nabii Suleiman alivyofika na majeshi yake katika bonde la chungu, na jinsi chungu mmoja alivyowahimiza wenziwe waingie majumbani mwao wasije wakapondwa na watu wasio na habari nao, na Nabii akatabasamu kwa kuyasikia maneno yale. Kisha watoto hao hao hutoka chuoni, wakaona safu ya chungu ukutani, na kiatu kikafanya kazi yake. Siku moja msichana mmoja wa miaka tisa aliniuliza, “Babu, hayo majumba yao yana vyumba?” Nilimwambia yana vyumba. Akataka kujua nimejuaje. Basi swali la namna hiyo halijibiwi kwa mdomo.

MALKIA

Mji wowote wa chungu huanza kwa malkia. Pasipo malkia, mkebe wako utakuwa gereza tu, na waliomo watakufa mmoja mmoja. Wafanyakazi tunaowaona njiani wote ni majike, lakini hawawezi kuuendeleza mji peke yao. (Na hapa nitaje jambo moja linalonipendeza: katika aya ile, kitenzi cha chungu aliyesema kimekuja kwa umbo la kike. Wanasarufi wana maneno yao marefu juu ya jambo hilo, nami sitaingia kati yao.)

Chungu tuliomchagua ni yule wa usiku, mkubwa kiasi, wa rangi ya kahawia iliyoingia wekundu, mwenye mabaka hafifu tumboni. Taa zikizimwa hutoka katika nyufa akazunguka jikoni kama askari wa zamu. Wataalamu humwita Camponotus maculatus. Hana mwiba, akiudhiwa huuma kwa meno na kunyunyiza tindikali kidogo, jambo ambalo mtoto wa miaka tisa alivumilia bila ya kulia.

Usiku wa joto, baada ya mvua, ndio wakati wa arusi yao. Majike na madume hutoka wakiwa na mbawa, wakaoana, na madume hayaishi sana baada ya hapo. Jike huzivua mbawa zake mwenyewe, na hapo ndipo utakapomwona akitembea peke yake chini ya taa akitafuta ufa. Utamjua kwa kifua kilichovimba pale mbawa zilipokuwa, na kwa urefu wake, kama sentimita moja na nusu. Mmoja anatosha. Usiuchimbe mji uliokwisha kusimama ili uupokonye malkia wake, kwani wale waliobaki hawatapata mwingine, na mji huo utakuwa umekwisha.

Huyo uliyempata mtilie makao ya muda. Chukua kichupa chembamba kinachoonyesha, utie maji mpaka theluthi moja, kisha sukuma kipande cha pamba safi ndani hadi kiyaguse maji na kulowa. Mtie malkia, uzibe mdomo kwa pamba nyingine kavu, umfunike kwa kitambaa cheusi na kumweka kabatini. Kuanzia hapo kazi yako ni kumwacha. Usimlishe. Ile misuli mikubwa ya mbawa ambayo hana haja nayo tena huyeyuka mwilini mwake, naye huwalisha wanawe wa kwanza kwa hiyo. Hali chochote kwa wiki nzima nzima. Kwa joto letu, yai hugeuka funza, funza akajifunga katika kifuko, na mfanyakazi wa kwanza akatoka kwa kadiri ya mwezi mmoja na nusu. Hao wa kwanza huwa wadogo kuliko watakaofuata, kwa sababu mama yao amewalea kwa njaa.

Watoto walisumbuka zaidi kwa kungoja huko kuliko kwa kazi yoyote nyingine. Walitaka kumtazama kila baada ya sala. Malkia akitikiswatikiswa huingiwa na wasiwasi, na aweza kuyala mayai yake mwenyewe, kwa hiyo ufunguo wa kabati ulikaa mfukoni mwangu.

PLASTA NA UDONGO

Wakati malkia yumo kabatini, ndio wakati wa kujenga. Nunua mikebe miwili ya plastiki yenye vifuniko, ile ya bei ndogo inayouzwa kila duka la vyombo. Chagua inayoonyesha kabisa, maana mkebe wa rangi hautakusaidia. Mmoja utakuwa nyumba, wa pili utakuwa ua. Nyumba na iwe na mdomo mpana kuliko kitako. Tafuta na unga wa plasta mweupe, ule wa mafundi wa dari na mapambo. Chokaa yetu ya kupakia nyumba haifai, wala simiti. Ni kali kwa wadudu hawa.

Sasa finyanga udongo laini katika sura za vyumba, uubandike chini ndani ya mkebe wa kwanza, ukiugandamiza ushikamane na kitako. Fanya vyumba vinne au vitano, kila kimoja kama kidole gumba kwa upana na kina cha sentimita moja, uviunganishe kwa vijia vyembamba vya udongo. Kijia kimoja kivute hadi kiguse ubavu wa mkebe: huo ndio mlango wa mji. Upande wa mbali weka donge jingine linalogusa ubavu vile vile, lakini lisilounganishwa na chumba chochote. Hicho kitakuwa kisima.

Usifanye vyumba vikubwa kwa kudhani unawakirimu. Chungu akipewa jumba kubwa kuliko watu wake hukigeuza chumba kitupu kuwa jaa la taka, na uchafu huo huzaa ukungu.

Pima vikombe viwili vya unga kwa kikombe kimoja cha maji. Tia unga ndani ya maji, si maji ndani ya unga. Koroga polepole, umimine juu ya udongo ule mpaka uufunike kwa vidole viwili, na ugongegonge mkebe mezani ili mapovu yatoke. Utahisi mkebe ukipata joto. Ndivyo plasta inavyokauka. Ikabakia kwenye bakuli, usiimwage katika bomba la jikoni, maana itakaukia humo nawe utamwita fundi. Baada ya saa moja pindua mkebe, ugonge kitako, na donge zima litatoka. Uchokoe udongo wote kwa kijiti. Kilichobaki ni vyumba vilivyochongeka ndani ya weupe, na aliyepata kuziona zidaka za nyumba za zamani za Lamu hatakosa kuzikumbuka.

Acha donge likauke kivulini siku kadhaa, kisha ulirudishe mahali pake. Kwa msumari uliopashwa moto, toboa ubavu wa mkebe penye mlango na penye kisima. Mlangoni pitisha kipande cha mpira mwembamba unaoonyesha, kama ule mafundi wautumiao kupimia usawa wa sakafu, uuelekeze mpaka mkebe wa pili. Kisimani jaza sponji, nawe utakuwa ukitia maji kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Plasta huyanywa maji ikayasambaza, hivyo upande wa kisima utakuwa na unyevu na upande wa mlango utakuwa mkavu, na wenyewe watajichagulia. Mwisho funga kifuniko, uupindue mkebe: kitako kimekuwa dirisha, na vyumba vyote viko wazi mbele ya macho yako.

Wazungu wamefanya kazi hii tangu zamani, tena watu wenye vyeo. Mwingereza John Lubbock, aliyekuwa mwenye benki na mbunge, alifuga chungu wake kati ya vioo viwili, na mnamo 1882 akatoa kitabu juu yao. Malkia wake mmoja aliishi karibu miaka 15 mikononi mwake. Mfaransa Charles Janet ndiye aliyetumia plasta, mwishoni mwa karne ile ile. Jambo moja la Lubbock linatufaa hata leo: aliwawekea chungu vioo vya rangi mbalimbali, akaona kuwa chini ya kioo chekundu hutulia kama walio gizani. Kwa hiyo funika dirisha lako kwa karatasi nyekundu inayoonyesha, ile ya kufungia zawadi za Idi. Wao watadhani ni usiku, nawe utawaona.

Huo mkebe wa pili, ua, ndio mahali pa chakula. Kata tundu katika kifuniko chake, ubandike shashi nyembamba ipitishe hewa. Kuzunguka ukingo kwa ndani paka poda ya watoto iliyokorogwa na spiriti. Ikikauka, miguu yao huteleza. Lakini hewa yetu ina unyevu mwingi wa bahari, na poda hulegea. Kwa hiyo mimi nilifuata akili ya mama zetu, ambao waliitia miguu ya kabati la chakula katika mikebe ya maji ili chungu wasipande. Mikebe yangu yote miwili imesimama ndani ya sinia la maji. Tofauti ni kwamba mama zetu waliwazuia wasiingie, nami nawazuia wasitoke.

NDANI

Wafanyakazi walipofika kama kumi, tulikiweka kichupa ndani ya ua, tukakifunua kipate mwanga, na nyumba ya plasta tukaiacha gizani. Hatukumsukuma mtu. Usiku wa pili walihama wenyewe, wakibeba mayai na funza mdomoni, na malkia akafuata nyuma kama bibi arusi asiyetaka kuharakishwa.

Tangu hapo watoto wameona mambo ambayo hayaonekani ukutani. Wameona chungu mmoja akija kutoka uani na tumbo limejaa asali iliyozimuliwa kwa maji, akasimama mbele ya mwenzake, wakagusana kwa vipapasio, kisha akamtolea tone kutoka kinywani mwake, na huyo wa pili akaenda kumpa wa tatu. Tulitia rangi ya vyakula katika asali, nusu tone, na asubuhi matumbo ya wale ambao hata uani hawajafika yalikuwa yameingia rangi. Wameona mayai yakipelekwa upande wa kisima jua linapokuwa kali na kurudishwa usiku. Wameona maiti akibebwa hadi pembe moja ya ua, daima pembe ile ile, pamoja na miguu ya mende isiyolika.

Chakula chao ni hicho: tone la asali au sukari, na nyama kidogo kwa ajili ya funza, yaani mbu, nzi, au mende aliyeuawa kwa kandambili. Mende wa dawa ni sumu, atauua mji wote kwa usiku mmoja. Mabaki yaondolewe kesho yake. Na sioni aibu kusema kwamba sasa watoto wa mtaa huu huwakamata mende kwa bidii ambayo mama zao hawakupata kuiona.

Haikukosa mwenye kupinga. Jirani yetu mmoja, mzee wa dini na wa maneno machache, alinijia barazani akaniambia, “Mwalimu, viumbe hawa umewafunga kwa kosa gani?” Akanikumbusha hadithi ya Mtume (S.A.W.) inayokataza kuuawa wanyama wanne, na chungu ni mmojawapo. Akanikumbusha na ile ya nabii aliyeumwa na chungu mmoja akaamuru mji wao uchomwe moto, akalaumiwa na Mola wake kwa kuuteketeza umma unaomsabihi. Kisha akanitajia mwanamke aliyemfunga paka bila ya kumlisha wala kumwachia ajitafutie, na adhabu iliyompata.

Nilimjibu kwa adabu kwamba hiyo ya paka ndiyo hoja yangu pia, kwani kosa lilikuwa kumnyima chakula. Nikamtajia yule mtoto Abu Umayr, aliyekuwa na kindege chake, na Mtume akamtania juu yake wala hakumkataza. Mzee akafikiri. Akasema, “Basi chakula chao ni dhima yako. Ukisafiri je?” Nikamwambia yuko mtoto wa zamu. Akataka kumjua ni nani, akamwita, akamuuliza mbele yangu kama anaielewa zamu hiyo. Mimi si mwanachuoni, na fatwa sitoi. Anayetaka hukumu awaulize wenye elimu. Lakini sharti la mzee yule naliona ni la haki, na asiyeliweza heri asinunue mkebe.

MAHAKAMANI

Sasa nifikie lile la mahakama. Kichupa kile cha maji na pamba nilichokieleza, chenye malkia mmoja, ndicho kilichokamatwa huko Naivasha mwezi wa Aprili 2025. Vijana wawili wa Kibelgiji walikutwa na vichupa 2,244, na ndani yake chungu malkia kama 5,000. Katika kesi nyingine ya wakati huo huo walikuwamo Mvietnamu mmoja na Mkenya mmoja, nao walikutwa na chungu mia kadhaa. Tarehe 7 Mei mahakama ya uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta iliwatoza kila mmoja faini ya shilingi milioni moja, au kifungo cha miezi 12. Hakimu aliifananisha hali ya viumbe hao waliotolewa makwao kwa nguvu na kusongamanishwa katika vyombo na biashara ya watumwa. Sisi wa mwambao huu tunalijua neno hilo lina uzito gani.

Wengi walicheka waliposikia. Serikali inahangaikia sisimizi! Lakini chungu waliokuwa wakitafutwa sana ni Messor cephalotes, mkubwa mwekundu wa bara, mvunaji wa mbegu za nyasi, ambaye wafugaji wa Ulaya na Asia humlipia fedha nyingi. Wale vijana hawakukamatwa kwa kufuga. Walikamatwa kwa kukusanya na kutaka kuwatoa nchini mali ya wanyamapori bila ya kibali, kinyume cha sheria ya 2013. Malkia 5,000 ni miji 5,000 ambayo haitasimama, na mbegu ambazo hakuna wa kuzizungusha ardhini.

Tena kuna hatari ya upande wa pili, ya chungu wageni wanaoletwa mahali pasipo pao. Utafiti ulioongozwa na Mkenya Douglas Kamaru, uliotolewa mwaka 2024, ulionyesha yaliyotokea Laikipia walipofika chungu wa kigeni wenye vichwa vikubwa. Hao waliwaua chungu wenyeji walioilinda migunga dhidi ya ndovu. Ndovu wakaivunja miti, pori likawa wazi, simba wakakosa pa kujificha wanapowinda punda milia, wakageukia nyati. Mambo yote hayo yameanzia kwa mdudu anayeweza kusafiri ndani ya chungu cha maua.

Ndiyo maana chungu wetu ni wa ua wetu wenyewe, wa aina iliyojaa kila nyumba hapa. Hauzwi, hatumwi kwa posta, wala hapelekwi Malindi kwa shangazi kama zawadi. Na siku watoto watakapochoka naye, mkebe utafunguliwa chini ya jiwe lile lile alikookotwa. Kila ninayemfundisha kujenga namwambia hivyo kabla ya kumpa plasta.

Kwa sasa mji una watu sitini na kitu, kwa hesabu ya mtoto wa zamu, ambaye huwahesabu alfajiri wakiwa wametulia na kuandika katika daftari. Wiki hii ameonekana wa kwanza mwenye kichwa kikubwa, wa tabaka la wenye nguvu, ambao hutokea mji ukishashiba. Vyumba vinne vimejaa, cha tano wamekifanya jaa. Mkebe wa tatu nimeshaununua, na udongo umelowekwa tangu jana.